Firmin Hajulikani Katika Ofisi Hii

Cirhuza alikufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akipangusa kioo cha juu ya mlango mkubwa wa ofisi yetu, na kabla jua halijatua tulikuwa tumekwisha kupewa sababu tatu za kifo chake. Wengine walisema kizunguzungu. Wengine walisema amelogwa na wakwe. Wengine walisema pombe, na Cirhuza maisha yake yote alionja kasiksi ya ndizi siku ya Noeli tu, tena kwa kukunja uso. Aliyejua kuliko wote alikuwa mkuu wa ofisi, Citoyen Directeur, ambaye wakati ule alikuwa amempa mgongo. Huyo aliandika ripoti ya kurasa saba.

Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwa marehemu. Niliulizwa maswali matatu tu, na nitayafikia.

Ofisi yetu iliitwa Uratibu wa Mipango ya Eneo. Ilikuwa katika nyumba ya ghorofa iliyoachwa na kampuni moja ya bima ya Wabelgiji, pale barabara inaposhuka kutoka Nyawera kwenda ziwani. Nimefagia humo miaka tisa na hadi leo sijui ilikuwa ikiratibu nini. Ninachojua ni kwamba ilikuwa na vioo sabini na viwili, wakubwa thelathini wa kuvichafua na wasafishaji wawili wa kuvipangusa, yaani mimi na Cirhuza. Sote tulikaa Kadutu, parokia moja, kilima kimoja, na kila asubuhi tulishuka pamoja na viatu mkononi ili tusivitie matope. Mtoto wake wa kwanza mimi ndiye niliyemsimamia kwenye ubatizo, ndiyo maana mke wake, Nsimire, aliniita Parrain.

Ilikuwa miaka ile ya majina. Redio ilitangaza kwamba majina ya Wazungu yamekwisha, na mimi niliyelala Firmin nikaamka citoyen, yaani raia, Mugisho. Cirhuza alipoteza Edouard wake siku hiyo hiyo. Alisema hajali, kwa kuwa hata mama yake hakuwahi kulitamka vizuri. Nyumbani na kanisani tuliendelea kuitana kama zamani, ila kwa sauti ya chini, kama watu wanaogawana nyama ya wizi. Ofisini hapana. Ofisini mtu akikuita Firmin, alikuwa anakutafutia kifungo, wewe na yeye.

Basi hata kupangusa kioo kulikuwa kumeingiliwa na siasa. Kioo hupanguswa kwa maji yenye siki kidogo na karatasi ya gazeti, kila msafishaji anajua hilo, kitambaa huacha nyuzi. Lakini katika magazeti ya wakati ule, picha ya Kiongozi ilikuwa ukurasa wa kwanza, wa pili, na mara nyingi wa tatu, na nani angethubutu kumkunja Kiongozi, kumchovya kwenye siki na kumsugulia mavi ya nzi? Kila Jumatatu tuliketi stoo tukichambua kurasa kama akina mama wanaochambua maharagwe. Zilizobaki safi zilikuwa za mpira na matangazo ya vifo.

Cirhuza alikuwa akinishika mkono, akiogopa mahabusu. "Mugisho, geuza kwanza. Huku nyuma ya futbol iko kofia yake. Ukipangusa na hii, tutaenda kulala ku kasho sisi bawili."

Na ngazi? Tulikuwa na ngazi nzuri ya mbao, ndefu, urithi wa wale wale wa bima. Miezi minane kabla ya kifo cha Cirhuza ilikwenda Muhumba, nyumbani kwa Citoyen Directeur, kuchuma maparachichi kwa siku moja. Siku hiyo haikuisha. Tuliiona kila Jumamosi ya salongo, siku ile ambayo raia wote walitoka kulijenga taifa kwa majembe na fagio, na sisi wawili tulilijenga taifa kwa kuosha mazulia ya mke wa Directeur. Ngazi ilikuwa imeegemea mparachichi, kuku wakiilalia. Cirhuza aliiamkia kabisa: "Jambo, citoyenne ngazi. Utarudia ku kazi siku gani?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nakwambia ukweli, sikuwahi kuwa na rafiki mwingine wa namna ile, na sitampata.

Wiki ile zilikuja habari kwamba Commissaire mmoja mkubwa angeshuka uwanja wa ndege wa Kavumu siku ya Jumatano, na kwamba angepita kwetu. Directeur alishikwa na homa. Alipaka chokaa mawe ya uani. Alipaka chokaa miti. Mlinzi wetu wa usiku alikwenda kujificha jikoni, akisema hataki kuwa wa tatu. Jumanne asubuhi Directeur alisimama mlangoni, akainua macho, akaona kile kioo kipana cha nusu duara juu ya mlango, ambacho hakikuguswa tangu ngazi ilipohama.

"Hii kioo iko chafu juu ya nini? Muipanguse sasa hivi."

Cirhuza akajibu kwa heshima zote: "Citoyen Directeur, ngazi iko kwenu ku Muhumba."

"Ngazi, ngazi! Révolution haingojake ngazi. Mupandishe meza."

Mwenye nguvu mpishe. Tulitoa meza ya mapokezi tukaiweka juu ya ngazi za saruji za mlangoni, juu yake tukaweka meza ndogo ya mashine ya kuandikia, na juu ya hiyo kreti tupu ya bia. Nilitaka kupanda mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa mwepesi. Cirhuza akasema mikono yangu ina nguvu kuliko yake, afadhali nishike. Akapanda na ndoo yake na ukurasa wa mpira. Mimi nikaikumbatia miguu ya meza ndogo kwa mikono miwili, na kifua nikakiegemeza. Alipangusa nusu ya kioo huku akinisomea matokeo ya mechi za mwezi uliopita.

Ndipo Directeur alipoamua kufanya mazoezi ya bendera.

Kwa asiyejua zama zile, nitaeleza. Kila asubuhi saa moja na nusu filimbi ililia, bendera ikapanda, na nchi nzima ikaganda. Gari lilisimama, mwenye kula aliacha kutafuna. Sisi wasafishaji tuliijua saa ile, tulijipanga nayo, tukashuka popote tulipokuwa. Usiidharau hofu yetu. Mwezi mmoja kabla, baba mmoja mwuza mikeka pale sokoni Kadutu alitembea hatua tatu bendera ikiwa inapanda, kwa kuwa alikuwa kiziwi. Vijana wa chama walimchukua. Alirudi siku ya nne, na kwa majuma mawili alikula akiwa amesimama.

Lakini hii ilikuwa saa nne, na bendera ilikwisha kupanda. Directeur aliiteremsha ili aipandishe upya, aone kama watu wake thelathini wanajua kusimama vizuri mbele ya Commissaire. Aliwapanga uani, nyuso kwenye mlingoti, migongo kwetu. Hakutuambia neno. Nani humwambia fagio?

Filimbi ikalia.

Mikono yangu ilishuka yenyewe. Sisemi hivi ili nisamehewe, nasema jinsi ilivyokuwa: niliziachia zile meza, nikageuka kuitazama bendera, nikabana vidole kwenye mishono ya kaptula. Juu yangu nilisikia kreti ikilia. Nikasikia sauti ya Cirhuza, wala hakupiga kelele, alizungumza kama anavyozungumza mtu na mwenzake.

"Firmin, shika! Nashuka."

Firmin. Mbele ya ofisi nzima, mbele ya Directeur na bendera yenyewe. Katika woga wake alinitafuta kwa jina ambalo padri alinipa. Na mimi, moyo wangu ulikuwa wa panya, nikaona kwanza kasho, kisha yule baba wa mikeka, kisha watoto wangu. Nikakaza macho mlingotini kana kwamba Firmin ni mtu mwingine aliyepita barabarani. Kreti iliteleza, meza ikafuata, na yeye akaanguka kisogo kwenye ukingo wa saruji. Ndoo ilibiringika ngazi kwa ngazi hadi ikampiga mhasibu kwenye kifundo cha mguu. Mhasibu hakutikisika. Wimbo wa taifa ulikuwa umeanza, wote wakauimba hadi mwisho, na ulipokwisha tu ndipo watu thelathini walipogeuka na kupiga yowe kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia kila niliposimulia.

Kesho yake mawingu yaliifunga Kavumu. Ndege ya Commissaire ilizunguka mara mbili, ikageuka, ikaenda Goma, na Commissaire akaangalia vioo vya huko. Chetu kilibaki nusu safi nusu kichafu, hakuna aliyetaka kupanda tena.

Uchunguzi ulifanyika ofisini mwa Directeur. Mchunguzi alikuwa Directeur mwenyewe, na karani wa kuandika alikuwa citoyenne Nabintu, ambaye kwaya nzima ya parokia yetu inamjua kama Emérence. Swali la kwanza: je, marehemu wakati wa kuanguka alikuwa amesimama wima, mikono chini? Nikasema mkono mmoja ulikuwa na ndoo. Directeur akafikiri sana, akaamuru iandikwe kwamba ndoo ni kifaa cha kazi, haihesabiki. Swali la pili: je, shahidi alitikisika kabla ya mwisho wa wimbo? Nikasema hapana. Akanyanyuka, akanipa mkono. Alisema amefurahi kwamba sauti ya waimbaji haikuyumba hata kidogo, na kwamba Kinshasa watalisikia hilo.

Swali la tatu lilimsumbua. Watu watano walisikia marehemu akiita jina la kikoloni. Huyu Firmin ni nani?

Mashine ya Emérence ilinyamaza. Aliitazama karatasi, hakunitazama mimi. Directeur akafungua daftari la wafanyakazi, akapitisha kidole toka juu hadi chini, jina kwa jina. Alikuwamo Mugisho, alikuwamo Cirhuza, wote majina ya kienyeji kabisa. Akafunga daftari kwa ushindi.

"Andika: Firmin hajulikani katika ofisi hii."

Emérence akaandika. Muhuri ukapigwa juu yake, na mimi nikatoka pale nikiwa mzima, sina kosa, kwa sababu sikuwepo.

Ngoja sasa nieleze desturi yetu. Kwetu mtu akifa, watu hulia, hulala nje, hula pamoja, lakini msiba haufungwi mpaka yule aliyekuwa na marehemu asimame mbele ya ukoo aeleze kifo, tangu mwanzo hadi mwisho, na neno la mwisho alilolisema. Neno hilo ni la nyumba yake. Aliyelisikia amelibeba tu, ni lazima alifikishe. Ukikaa nalo, umemwibia maiti.

Usiku wa kwanza wa matanga Nsimire alinifuata pembeni, kitambaa kichwani, macho yamevimba. Ni mwanamke wa kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, soko la Kadutu, huwezi kumdanganya bei, seuze kitu kingine.

"Parrain, alisema kintu?"

"Hapana, maman. Alikufa palepale."

Alinitazama kwa muda mrefu. Alirudi kwa wanawake wenzake, na kwa siku arobaini hakuniuliza tena, wala hakunitengea kiti karibu na ukoo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niliona aibu hata kunywa chai yake. Padri alisoma misa ya Edouard, na aliposema tumwombee ndugu yetu aliyetuita hapa leo, nilitoka nje nikajifanya nakohoa.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku ya arobaini nitaeleza. Lakini Citoyen Directeur naye alikuwa na mipango yake, si alikuwa mratibu? Alitangaza kwamba ofisi ndiyo itakayofunga msiba, uani kwetu, chini ya bendera, kwa ngoma na wachezaji wa chama. Ukoo ulikaribishwa ukae nyuma. Na maelezo ya kifo, alisema, yatatolewa na citoyen Mugisho kwa mujibu wa desturi ya mababu, nayo yamekwisha kupigwa chapa. Emérence aliniletea kurasa mbili. Aliniambia polepole, "Soma mbele kwanza, Papa Firmin, usije kushangaa mbele ya bantu."

Nilisoma usiku kucha, sikushangaa.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Mbele walikaa wakubwa, makoti ya abacost yamefungwa hadi kooni, kila mmoja akitoa jasho lake kwa uzalendo. Wachezaji walivaa vitenge vyenye uso wa Kiongozi kifuani na matakoni, na hapo hakuna aliyeona ubaya. Nyuma kabisa, karibu na mawe ya chokaa, walisimama watu wa Kadutu: kwaya, akina mama wa sambaza, wazee wa ukoo, na Nsimire katikati yao amevaa nguo nyeusi. Nilipewa abacost ya kuazima. Nikapanda juu ya zile ngazi za saruji, zilizokuwa zimesuguliwa, nikaanza kusoma.

"Mimi, citoyen Mugisho, ninashuhudia kwamba marehemu alianguka katika utumishi wa taifa. Kwa bahati mbaya, katika dakika ya udhaifu, aliita jina la kikoloni, Firmin, mtu ambaye hajulikani katika ofisi hii. Wananchi tujifunze. Laiti angetegemea bendera na si majina ya wageni, angekuwa nasi leo. Alikufa papo hapo, bila maumivu…"

Niliinua kichwa kuvuta pumzi. Watu wote wa nyuma walikuwa wakitazama chini. Kila mmoja wao ananijua kwa jina lile. Walioniimbia harusi waliimba jina lile. Walikuwa wananionea aibu mimi, kwa niaba yangu. Nsimire peke yake ndiye aliyekuwa akinitazama.

Karatasi niliikunja. Nikasema kwa lugha ya nyumbani:

"Firmin njo mimi. Aliita mimi. Nilikuwa nashika meza, filimbi ikalia, nikaachilia. Akaniita, nikanyamaza juu ya woga. Njo vile alikufa."

Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Nikajua sasa wananikamata, na nakwambia, kwa mara ya kwanza katika siku arobaini nilipumua vizuri.

Directeur akaruka kutoka kwenye kiti chake, mikono juu.

"Bravo! Mumesikia? Mumesikia, citoyens? Amekana jina ya bakoloni mbele ya bantu yote! Hii njo militant wa chama!"

Makofi yakalipuka mbele. Nilipaza sauti, nikasema sikukana, nimekubali, nimekubali leo tu, lakini nani angesikia? Ngoma zilikwisha kuanza. Wachezaji waliingia uwanjani, viuno vikazunguka, uso wa Kiongozi ukazunguka navyo. Directeur alinikumbatia, akanipulizia sikioni kwamba ataniandikia Kinshasa nipate cheti. Mhasibu alinipiga bega. Nilisimama pale juu kama ng'ombe wa zawadi, na sijawahi kuchukia kitu maishani kama nilivyowachukia wote wale, na mimi nikiwa wa kwanza.

Nsimire alikuja akipita katikati ya wachezaji. Hakuwakwepa, wao ndio waliomkwepa. Alipanda ngazi za saruji moja moja, akasimama mbele yangu, karibu kabisa.

"Parrain. Alikuita mara ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Watu watano walisikia mara moja, na ripoti ya kurasa saba ilisema moja.

"Mara mbili, maman."

"Ya kwanza akiwa huko juu."

"Akiwa juu, ndiyo."

"Na ya pili?"

"Ya pili alikuwa kwa chini. Hapa. Sauti yake ilikuwa kidogo, ni mimi tu niliisikia."

"Alisema je?"

"Alisema, Firmin, uniinue."

Alifumba macho. Neno lilikuwa limefika nyumbani kwake, na nilidhani hapo ataniacha. Akafumbua.

"Na weye ulifanya nini?"

"Niliimba."

Ngoma zilikuwa zimezidi, hakusikia. Akaniinamishia sikio, mkono wake akauweka begani mwangu ili asisukumwe na wachezaji. Ikabidi niseme tena kwa sauti kubwa, na watu waliokuwa karibu wakageuka kututazama.

"Niliimba, maman! Niliimba mupaka mwisho!"